Mzigua wa Somalia Huhesabiwa Kama Nani?

Tuchukue ndugu watatu wa tumbo moja, wa kufikirika, lakini wa aina iliyopo kweli. Mkubwa alizaliwa kando ya mto Juba kusini mwa Somalia, akakimbia vita vya 1991, akafika Tanga kwa chombo cha baharini, akaishi kambi ya Mkuyu wilayani Handeni, na leo ana shamba la mahindi Chogo pamoja na cheti cha uraia wa Tanzania. Wa pili alivuka mpaka hadi kambi ya Dadaab, na hajatoka Kenya hadi leo. Wa tatu naye alipita Dadaab, akahamishiwa kambi ya Kakuma, kisha akapandishwa ndege mwaka 2004, na sasa anaishi Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Wote watatu walilelewa katika lugha moja, Kizigua, ambayo bibi wa Kwamsisi au Mazingara huko Handeni ataifuata akitega sikio vizuri. Sasa tazama makarani wa sensa wa nchi hizo tatu watakavyowaandika. Tanzania: raia, mahali pa kuzaliwa Somalia. Kenya: mkimbizi, Msomali. Marekani: mtu mweusi mwenye asili ya Somalia. Uzigua wao haumo popote.

Mtu anaweza kudhani kwamba makarani walikosea, au kwamba watu hawa walijificha wasihesabiwe. Sivyo. Mkimbizi ni mtu anayehesabiwa kuliko wengi wetu: kwa kadi ya mgawo, kwa picha, kwa alama za vidole, mwaka hata mwaka. Tatizo ni kwamba kila hesabu huanza na swali, na jibu haliwezi kupita upana wa swali lenyewe. Ndiyo maana suala la kuhesabu jamii ndogo za wahamiaji, linaloziumiza kichwa ofisi za takwimu kuanzia Washington hadi Dodoma, halimalizwi kwa kuongeza makarani wala kwa kuwapa vishikwambi vipya. Linahusu nini kiulizwe, na nani atanufaika au ataumia majibu yakishachapishwa.

Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, ni mahali pa kulifikiria jambo hili kwa sababu wilaya hizi zimekaa pande zote mbili za uhamiaji. Zimetoa watu, na zimepokea watu.

Tuanze na waliotoka. Katika miaka ya 1830 ukame uliipiga nchi ya Uzigua. Njaa ilipozidi, watu walishuka pwani. Wapo waliojiweka rehani au kuwaweka rehani watoto wao ili wapate chakula, na wapo waliodanganywa kwamba wanakwenda kufanya kazi na watarudishwa. Majahazi yakawapeleka kaskazini hadi bandari za Benadir: Brava, Merka, Mogadishu. Walipotambua kwamba wameuzwa, wengi walitoroka, wakaufuata mto Juba na kujenga vijiji ndani ya msitu. Masimulizi ya wazee wao, ambayo mwanaanthropolojia Mwitaliano Francesca Declich alitumia miaka mingi kuyakusanya, yanamtaja mwanamke aitwaye Wanakhucha kuwa ndiye aliyewaongoza kutoroka. Vizazi vikapita wakilima upande wa Jamaame na Jilib. Wengine wa asili ya kusini, Wayao, Wamakua, Wanyasa, waliishia humo humo bondeni na kuchukua Kisomali, lakini Wazigua walishika lugha yao, na hawakusahau kwamba kwao ni mbali, kusini.

Dola ya Somalia ilipovunjika mwaka 1991, wakulima hawa hawakuwa na silaha wala ukoo mkubwa wa kuwatetea. Kila kundi lililopita bondeni lilichota maghala yao. Maelfu wakakimbilia Kenya. Wachache, waliojua wanakotaka kufika, walipita baharini hadi Tanga. Serikali iliwapeleka Mkuyu, Handeni. Mwaka 2003 ilianza kuwahamishia Chogo, mahali palipotengwa ili wajenge na kulima, na baadaye ikawafungulia mlango wa tajnisi. Walikuwa karibu elfu tatu, na kufikia mwaka 2009 zaidi ya elfu moja walikuwa wamekwisha kupata uraia.

Je, mtu huyu ni mhamiaji? Ukimpima kwa mahali alipozaliwa, ndiyo, na atabaki hivyo hadi kufa. Ukimpima kwa uraia, alikuwa mgeni hadi siku alipokabidhiwa cheti, na tangu siku hiyo si mgeni tena. Ukimpima kwa kabila, ni mwenyeji kuliko watu wengi wa mji wa Korogwe. Mtoto wake aliyezaliwa Mkuyu, kwa mahali pa kuzaliwa, ni mtu wa mkoa wa Tanga sawasawa na mtoto wa Segera. Vipimo vitatu, majibu matatu, na hakuna hata kimoja cha uongo. Mwandishi yeyote anayetaja idadi ya wahamiaji bila kusema ametumia kipimo kipi hajatuambia kitu.

Mfano mkubwa zaidi uko magharibi mwa nchi. Mwaka 2010 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya Warundi 162,000 waliokuwa wakimbizi tangu 1972 katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Katika takwimu za uraia, idadi ya wageni Tanzania ilishuka ghafla kwa idadi ya mji mzima, na hakuna mtu aliyefunga mzigo. Mtafiti akilinganisha takwimu za uraia za kabla na baada ya hapo bila kuijua habari hii, ataandika kwamba Warundi wameondoka. Kumbe wapo, wanalima mahali pale pale.

Sasa turudi kwenye historia ya sensa zetu wenyewe, kwa sababu uamuzi mkubwa ulishafanyika na wengi wetu hatuukumbuki. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilihesabu watu kwa mafungu. Sensa za 1948 na 1957 ziliwatenga Waafrika na wasio Waafrika. Hao wa pili waligawanywa kuwa Wazungu, Wahindi, Wagoa, Waarabu na wengineo, na Waafrika wakapangwa kwa makabila. Tanzania huru ilifanya sensa yake ya kwanza Agosti 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, na hapo kabila na dini viliulizwa kwa mara ya mwisho. Sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuviuliza. Mwaka 2012 baadhi ya vikundi vya Waislamu vilidai swali la dini lirudishwe, vikatishia kususia, serikali haikukubali. Mwaka 2022 nchi ilihesabu watu 61,741,120, na katika dodoso lote hapakuwa na nafasi ya mtu kusema yeye ni Mzigua, Msambaa au Mbondei.

Naamini uamuzi ule ulikuwa sahihi, na nitasema kwa nini mbele. Lakini una gharama, na gharama hiyo imelipwa zaidi na watu wa aina fulani. Ukitaka kuwaona, nenda kwenye mashamba ya mkonge.

Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na katika miaka michache ukaigeuza nchi kutoka Tanga hadi Mombo kuwa mistari mirefu ya kijani. Wenyeji hawakupenda kazi ile, na hawakuwa na sababu ya kuipenda wakati mashamba yao yaliwalisha. Hata kabla ya mkonge, Wajerumani wenye mashamba ya Usambara walijaribu kuagiza vibarua Wachina na Wajava kupitia Singapore, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Jaribio hilo halikudumu. Linastahili kukumbukwa, kwa sababu wapo wanaodhani watu wa Asia ya Kusini Mashariki na milima yetu hawajawahi kukutana. Wenye mashamba wakageukia Wanyamwezi na Wasukuma, na chini ya Waingereza wakatupa wavu mbali zaidi. Mwaka 1944 chama cha wakulima wa mkonge kilianzisha shirika la kuandikisha vibarua, SILABU, lililowabeba watu kwa mikataba: Waha wa Kigoma, Wabena, Warundi na Wanyarwanda kutoka nchi iliyokuwa ya Wabelgiji, na watu wa Nyasa. Wamakonde wa Msumbiji walivuka Ruvuma wenyewe na kupanda kaskazini. Wote hao wakawa manamba. Katika kitabu walichoandika Walter Rodney, Kapepwa Tambila na Laurent Sago kuhusu kazi ya mikataba katika mkonge, kilichotoka mwaka 1983, mtu anaona jinsi mkoa wa Tanga ulivyojengwa na watu walioandikwa kwa nambari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Kisha bei ikaanguka, nyuzi za plastiki zikashika soko, mashamba mengi yakataifishwa, mengine yakageuka pori. Kampuni na mikataba iliondoka; watu wengi walibaki. Ngombezi, Magunga, Hale, Mwelya, Magoma: katika kambi hizi za wilaya ya Korogwe wako wajukuu na vitukuu wa manamba. Tangu mwaka 1999, mpango wa wakulima wadogo wa mkonge umewapa baadhi yao vipande vya ardhi ndani ya mashamba yale yale ambayo babu zao walikata kwa vipimo. Hii ni habari njema, na ni haki iliyochelewa.

Lakini ni wangapi? Wajukuu wa Warundi ni wangapi Korogwe? Wa Wamakonde wa Msumbiji je? Kwa sensa za 1957 na 1967 mtu angeweza kukadiria, kwa kuwa kabila liliulizwa. Kwa sensa za baadaye hawezi. Babu alipokuwa hai, safu ya mahali pa kuzaliwa ilimwonyesha. Mwanawe alizaliwa kambini, akaandikwa Tanga. Mjukuu, Tanga. Sensa imewameza, na kwa namna fulani huko ndiko kupokelewa: hakuna anayewanyooshea kidole kwenye jedwali. Shida huja mahali pengine. Mjukuu anapofika dirishani kuomba kitambulisho, akaulizwa babu alizaliwa wapi na karatasi yake iko wapi, ndipo uhamiaji wa mwaka 1948 unapofufuka ghafla juu ya kijana wa mwaka 2004. Yaani asili yake haimo katika hesabu ambayo ingemsaidia kupangiwa huduma, ila imo katika mahojiano yanayoweza kumnyima haki. Kama kuna jambo moja ningependa msomaji aondoke nalo kuhusu Korogwe, ni hilo.

Nchi nyingine zimechagua njia tofauti. Marekani huwauliza watu rangi na asili waziwazi. Tazama ilivyowahesabu wakimbizi wa Laos. Baada ya wakomunisti wa Pathet Lao kushinda nchini humo mwaka 1975, wakimbizi walimiminika Tailandi, na kutoka huko wakapelekwa Marekani, Ufaransa, Australia na kwingineko. Waliokuja chini ya jina la Laos hawakuwa watu wamoja: walikuwamo Walao wa mabondeni, Wahmong wa milimani, Wakhmu, Wamien. Sensa ya Marekani ya 1980 ilihesabu Walao 47,683 na Wahmong 5,204 tu, kwa sababu Wahmong wengi waliingia ndani ya hesabu ya Walao. Miaka thelathini baadaye, katika sensa ya 2010, Wahmong walikuwa 260,073 na Walao 232,130. Kundi lililokuwa limefunikwa likawa kubwa kuliko lililolifunika. Sehemu ya ongezeko hilo ni uzazi na wakimbizi wapya. Sehemu nyingine ni kwamba watu walijifunza kujiandika, vyama vyao vikapita nyumba hadi nyumba vikiwaambia, andikeni Hmong, msiandike Laos. Wakhmu ni wachache na hawakuwa na sauti hiyo, na hadi leo mtu anapata taabu kuwatafuta.

Fikiria mtoto wa Kihmong aliyezaliwa kambi ya Ban Vinai. Mahali pa kuzaliwa: Tailandi. Si Mtailandi, wala Tailandi haikumpa uraia. Sasa mweke kando ya mtoto wa Kizigua aliyezaliwa Dadaab, ambaye karani wa Maine ataandika amezaliwa Kenya. Kambi huzaa watu wenye mahali pa kuzaliwa pasipowaeleza. Yeyote anayetegemea safu hiyo peke yake kuhesabu wakimbizi, awe Minnesota au Tanga, atawakosa watoto wote wa kambini, na katika jamii ya wakimbizi hao si wachache.

Ufaransa, kwa upande mwingine, hairuhusu sensa yake iulize asili wala kabila. Huuliza mahali pa kuzaliwa na uraia, na kwa aliyepata uraia baadaye, huuliza alikuwa raia wa nchi gani alipozaliwa. Hadi mwaka 2024, Walao wa Ufaransa walionekana kizazi kimoja, kisha watoto wao wakawa Wafaransa basi. Njia hiyo ilifanana na yetu, ikiwa na swali moja la ziada. Australia imekwenda mbele zaidi: inauliza wazazi walizaliwa wapi, na lugha gani inatumika nyumbani.

Kwa nini watu wahangaike kujulikana idadi yao? Kwa sababu sheria huifunga haki kwenye namba. Kifungu cha 203 cha sheria ya haki za kupiga kura ya Marekani, kilichoingizwa mwaka 1975, kinazilazimu wilaya kutoa karatasi za kura kwa lugha ya jamii ikiwa wapiga kura wake wasiojua Kiingereza vizuri wanazidi 10,000 au asilimia 5. Wahmong na Walao wanaweza kuifikia haki hiyo kwa kuhesabiwa vizuri. Wazigua wa Lewiston hawawezi hata wakiwa laki moja, kwa kuwa kifungu hicho kinataja wenye asili ya Kihispania, Waasia, Wahindi Wekundu na wenyeji wa Alaska tu. Lugha za Afrika hazimo. Hivyo namba peke yake haitoshi. Lazima mtu kwanza awe katika aina ya watu ambao sheria imekubali kuwaona.

Somalia inatoa funzo chungu zaidi. Sensa ya mwisho ambayo matokeo yake yalichapishwa huko ni ya mwaka 1975. Katika mkutano wa Arta, Djibouti, mwaka 2000, wanasiasa waligawana viti kwa kanuni inayoitwa nne na nusu: koo nne kubwa zikapewa fungu sawa kila moja, na jamii nyingine zote, wakiwamo wakulima wa bonde la Juba, nusu fungu. Nusu hiyo haikutokana na sensa yoyote. Ilitokana na nguvu ya waliokuwa mezani. Pasipo na hesabu, mwenye nguvu hujaza nafasi kwa kukisia, na makisio yake hayampunji yeye.

Ipo aina nyingine ya kuhesabu, ya majina, na Wazigua wanaijua kwa undani. Katika miaka ya 1990 Umoja wa Mataifa ulitafuta nchi ya kuwapokea waliokuwa Dadaab. Tanzania iliombwa, ikajibu kwamba imeelemewa na wakimbizi wa Rwanda. Msumbiji ikakubali, orodha ikaandaliwa, kisha nayo ikarudi nyuma. Mwaka 1999 Marekani ikasema itawachukua, na jina la Wabantu wa Somalia, ambalo mashirika ya misaada yalilitumia kwa watu wote wa bondeni bila kujali ni Wazigua au Wayao, likawa tiketi ya ndege. Orodha ilibidi ihakikiwe upya mwaka 2001 na 2002. Watu walihojiwa kuhusu vijiji, lugha na jamaa zao. Catherine Besteman, aliyeishi nao bondeni kabla ya vita na kuwafuata hadi Maine, ameeleza yaliyotokea: kadi za mgawo zilizouzwa wakati wa shida zikawa zimewatoa wenyewe kwenye orodha, mayatima wakaandikwa kwa wazazi wasio wao, na mume mwenye wake wawili akatakiwa achague mmoja. Karibu watu 12,000 wakasafiri. Sensa ikimkosa mtu, amekosekana mmoja katika milioni. Orodha ikimkosa, amebaki jangwani na mkewe yuko Amerika.

Ndiyo sababu watu wa Chogo, na wa kambi yoyote, huuliza karani wa sensa swali ambalo karani hulishangaa: hii ni ya nini? Wamezoea kwamba kuhesabiwa ni kupewa au kunyimwa kitu. Kauli mbiu ya 2022, Jiandae Kuhesabiwa, ilimtosha mtu wa Manundu, mjini Korogwe. Kwa mtu aliyepita uhakiki wa Dadaab au Mkuyu haitoshi, na anayewaandaa makarani inafaa alijue hilo kabla hajawatuma huko.

Kenya huuliza kabila katika kila sensa, na imeonja faida na madhara yake. Mwaka 2010 serikali yake ilifuta matokeo ya wilaya 8 za kaskazini, baada ya idadi ya watu katika sensa ya 2009 kuonekana kupanda kupita kiasi. Kwa Wasomali wa Kenya, hilo lilikuwa ni kuambiwa wamezidi. Upande wa pili, Wamakonde wa Kwale, ambao wengi ni wajukuu wa vibarua wa mashamba ya pwani kama manamba wetu wa Korogwe, waliishi miongo bila vitambulisho hadi walipoandamana kwa miguu kwenda Nairobi Oktoba 2016, na wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la nchi hiyo. Sensa ya 2019 iliweka nafasi ya watu wasio na utaifa, na baada yake Washona nao wakapata uraia, kisha mwaka 2023 Wapemba wa Kenya wakatambuliwa kuwa miongoni mwa makabila ya nchi. Kuhesabiwa kuliwasaidia. Lakini angalia bei: ili kundi kama Wamakonde lipate uraia Kenya, ilibidi kwanza liwe kabila lenye nambari. Atakayekuja baada yao, kundi dogo la familia mia mbili, atalazimika naye kupiga foleni kama kabila.

Tanzania haikuhitaji njia hiyo. Wazigua wa Chogo walipewa uraia mmoja mmoja, na serikali haikuongeza kabila kwenye orodha yoyote ili iwapokee. Wenyeji wa Handeni waliwatambua kwa lugha na kwa majina ya koo, bila jedwali. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema dawa ya kutoonekana ni kurudisha swali la kabila. Swali hilo likirudi leo Korogwe, kitu cha kwanza kitakachofanyika ni kulinganisha: Wasambaa wangapi, Wazigua wangapi, Wabondei wangapi, wa kuja wangapi. Mjukuu wa Mrundi wa Ngombezi, aliyekuwa mkulima wa mkonge kama jirani yake, ataamka akiwa asilimia fulani ya wageni. Swali la lugha ya nyumbani lina hatari hiyo hiyo. Kwetu lugha ya nyumbani ni kabila kupitia mlango wa uani.

Ninachokitetea ni kuhesabu safari bila kuhesabu damu. Swali la uraia likiishia kwenye nchi ya sasa, aliyepata uraia kwa tajnisi anachanganyika na wengine siku hiyo hiyo. Likiongezwa kipengele kimoja cha jinsi uraia ulivyopatikana, kama Ufaransa inavyofanya, makazi kama Chogo, Katumba na Mishamo yataonekana bila kumtaja mtu kabila. Pili, mzazi alizaliwa wapi, ndani au nje ya nchi. Swali hili humwona mtoto wa Mkuyu ambaye mahali pake pa kuzaliwa panamficha, na linatuonyesha kama watoto wa waliopokelewa wanafika sekondari, wanazaliwa hospitali, wana vyeti. Kisha linanyamaza. Kwa mjukuu halina la kusema, na hivyo ndivyo inavyotakiwa: mtu ambaye baba na mama yake walizaliwa Korogwe ni mtu wa Korogwe, na dola haina kazi na babu yake.

Yapo mambo ambayo sensa ya nchi haiwezi kuyafanya kabisa. Kama mkunga wa zahanati anahitaji kujua ni mama wangapi wa Chogo wanaelewa Kisomali kuliko Kiswahili, asisubiri Dodoma. Mtendaji wa kijiji na wenyeviti wa vitongoji wanaweza kuhesabu kaya kwa siku chache, kwa kusudi moja linaloelezwa wazi. Na uchapishaji nao uwe na kiasi. Jedwali likishuka hadi kitongoji na kusema waliozaliwa Somalia ni 7, limetaja watu saba ambao kila jirani anawajua. Sheria ya takwimu inalinda siri ya mhojiwa. Ulinzi huo usiishie kwenye majina tu. Ngazi ya wilaya inatosha kupanga shule na dawa.

Nakubali kwamba njia hii itawaacha manamba wa zamani bila namba. Waliozaliwa Burundi au Msumbiji wamekwisha kufa karibu wote, na watoto wao ni wazee. Kwao sensa imechelewa, na kinachohitajika si hesabu. Ni utaratibu wa vitambulisho unaokubali kwamba mtu wa kizazi cha tatu katika kambi moja ya mkonge, aliyeandikwa katika shule ile ile na kupiga kura katika kituo kile kile, ameshathibitisha kwao. Vitabu vya mishahara na kandarasi vya mashamba, pale vilipohifadhiwa, vinaweza kuwa ushahidi mzuri wa lini babu aliingia, kama vitatumika kumtetea mjukuu.

Kwa Wazigua wa Juba bado muda upo, ingawa si mwingi. Kwa desturi ya kila miaka kumi, sensa ijayo ni ya mwaka 2032. Aliyezaliwa bondeni mwaka vita vilipoanza atakuwa na miaka 41; waliovuka bahari wakiwa watu wazima watakuwa wazee, na wengi hawatakuwapo. Sensa ya 2022 ilitanguliwa na sensa ya majaribio mwaka 2021, na dodoso huanza kuandaliwa kabla ya hapo. Anayetaka swali la wazazi liingizwe apeleke hoja sasa, kwa madiwani wa Handeni na Korogwe, kwa wabunge wao, na kwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wakati rasimu bado haijaanza kuandikwa.